Muuguzi Anayeuliza Paka Amelala Wapi

Saa moja asubuhi Zamfira Hriscu anaingia nyumbani kwa mgonjwa wake bila kupiga hodi, na kabla hata ya kuvua koti anakwenda moja kwa moja kwenye jiko. Anaweka kiganja juu ya kibaraza cha matofali, pale penye joto zaidi. Anapapasa blanketi, analifunua, analinusa, analirudisha. Kisha anageuka.

"Amelala wapi?"

"Nani?" anauliza Gavril Andone, soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

"Mzee Gavril, usinichezee asubuhi yote hii. Paka."

"Marahaba, binti yangu," anasema mzee. "Yuko ghalani. Mwezi mzima hajakanyaga humu. Kama huniamini nenda kamwulize mwenyewe."

Zamfira anakwenda kumwuliza. Anavuka ua wenye theluji, anafungua mlango wa ghala, na kumkuta Duduia, paka mkubwa wa kijivu mwenye sikio lililochanika, amekaa juu ya rundo la maboksi akimtazama kama karani anayeona mtu ameruka foleni. Zamfira anarudi ndani. Hasemi asante. Anavua koti na kuanza kunawa mikono.

Ana umri wa miaka hamsini na minne, na amekuwa muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani kwa miaka kumi na moja katika vilima hivi vya Moldova ya Romania. Ana wagonjwa kumi na tisa katika vijiji kumi na vinne. Wote figo zao zimekufa. Wote wana mpira mwembamba uliotobolewa tumboni, chini kidogo ya kitovu, na wote hujisafisha damu wenyewe, nyumbani, bila mashine.

Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Mgonjwa anaunganisha mfuko wa lita mbili za maji ya dawa kwenye ule mpira, anayaacha maji yaingie tumboni, yanakaa humo kwa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha anayatoa na kumimina mengine. Mara nne kwa siku, kila siku, Krismasi na Pasaka.

Hatari yake nayo ni rahisi kuieleza. Mpira ule ni mlango. Kinachopita pale hakikutani na mate wala asidi ya tumbo. Kinaingia moja kwa moja kwenye utando uliofunika matumbo, na utando ukioza, mtu amekwisha.

Sasa, maji hayo hayamiminwi baridi. Lazima yapashwe kwanza. Hospitali ina kifaa chake cha kupashia, na wagonjwa waliahidiwa kimoja kila nyumba. Ahadi hiyo bado iko njiani, pengine imekwama kwenye theluji. Badala yake walipewa karatasi iliyoandikwa, "Pasha mfuko hadi joto la mwili." Haikusema wapi wala vipi.

Katika vilima hivi hakuna mtu anayehitaji kuambiwa mahali pa joto ni wapi. Ni juu ya jiko. Hapo ndipo unga wa mkate unapoumukia, ndipo mtoto mwenye kikohozi anapolazwa, ndipo vifaranga vya Aprili vinapowekwa kwenye boksi. Na tangu jiko la kwanza lijengwe, hapo ndipo paka anapolala.

"Walimwambia mtu apashe mfuko, hawakumwambia wapi," anasema Zamfira, akisugua kucha kwa brashi hadi vidole vinakuwa vyekundu. "Na mimi je? Miaka kumi na moja nafundisha. Nawa mikono, vaa barakoa, funga dirisha, usiongee. Sikuuliza hata siku moja mfuko unalala na nani. Mjinga wa kwanza ni mimi. Wa pili nitakutajia baadaye."

Mifuko ile huja imefungwa kwa nailoni ya pili kwa nje, ngumu, ya kuilinda. Watu waligundua kwamba ukiivua, joto linaingia upesi. Kwa hiyo wakaivua. Mfuko ukabaki laini, wenye joto, umefunikwa na ngozi ya kondoo. Paka gani ataacha kitanda kama hicho? Anapanda, anazunguka mara mbili, anaanza kukanda kwa makucha kama anavyofanya paka aliyeridhika, kisha anajilamba na kulala. Tundu analoacha ni dogo kuliko la sindano. Wadudu wanaoishi kwenye ulimi na makucha yake hawamdhuru yeye. Ndani ya tumbo la mtu ni habari nyingine.

Safta Bejan hakuijua habari hiyo. Au aliijua nusu, na nusu ile nyingine ndiyo iliyomuua.

Safta alikuwa na miaka sitini na mitatu, mpishi mstaafu wa shule, mwanamke wa kicheko kikubwa. Jumapili moja ya Januari aliona tone la maji kwenye blanketi juu ya jiko. Akaukausha mfuko, akabandika plasta, akautumia, kwa sababu maboksi huja mara moja kwa mwezi na yeye hakulelewa kutupa kitu. Jumatatu asubuhi maji yaliyotoka tumboni mwake yalikuwa na ukungu, mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Kila mgonjwa anafundishwa kwamba akiona hivyo apige simu saa hiyohiyo, hata kama ni katikati ya harusi ya bintiye.

Safta alipiga simu Alhamisi.

"Siku tatu," anasema Zamfira, na sauti yake inapanda hadi Gavril anaacha kuvaa soksi. "Unajua alikuwa anafanya nini siku tatu? Anamtafutia paka pa kukaa! Homa imempanda, tumbo gumu kama ubao, na yeye anazunguka kwa majirani na paka kwenye kikapu, ili mimi nikija nikute nyumba safi! Kwa sababu kwenye karatasi yetu tumeandika, mwenye mnyama anaondolewa kwenye matibabu ya nyumbani. Tulimtisha, basi akatii. Akaficha."

Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha Safta kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Alizikwa kabla mwezi haujaisha. Hospitalini, maabara ilitaja mdudu wa mdomo wa paka. Na kwenye faili lake ilikutwa fomu ya ukaguzi wa nyumba, sanduku la "Wanyama" likiwa na alama kwenye "Hapana", na chini yake saini ya Zamfira Hriscu.

Mtu mwingine angeiogopa saini ile. Zamfira anaitaja mwenyewe bila kuulizwa, kama mtu anayejibonyeza jipu. Anasema kanuni ilimtaka apige simu siku mbili kabla ya kila ukaguzi, na siku mbili zinatosha kuhamisha ng'ombe, seuze paka. Anasema pia kwamba aliwahi kuona manyoya kwenye sketi ya Safta na hakuuliza, maana chai ilikuwa mezani na njia ilikuwa ndefu.

"Hayo ni yangu. Nimeyabeba," anasema. "Lakini sitabeba na ya wenzangu."

Ya wenzake aliyasikia kwenye kikao. Mkuu wa kitengo, Daktari Corneliu Pascu, alisema kwamba kifo kile kimetokana na ujinga wa vijijini. Aliagiza kila muuguzi atoe taarifa ya nyumba yoyote yenye mnyama, na mgonjwa huyo apelekwe kwenye mashine ya kusafisha damu mjini, mara tatu kwa wiki, asipende apende.

Zamfira alisimama. Wenzake waliokuwapo wanasema kiti chake kilianguka.

"Ujinga wa nani, Daktari?" alimwuliza. "Umewahi kuingia nyumba hata moja kati ya kumi na tisa? Unajua mfuko unapashiwa wapi?"

Daktari alimwambia akae. Hakukaa, ingawa yeye mwenyewe hakujua mfuko unapashiwa wapi. Alijua wiki iliyofuata, siku alipoacha kupiga simu kabla ya kwenda. Nyumba ya kwanza aliyoiingia ghafla ilikuwa hii ya Gavril.

Gavril Andone ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini alifungua na kufunga kizuizi cha reli, na tangu astaafu anafuga nyuki. Anaishi peke yake juu ya kilima ambacho gari likipanda wakati wa theluji, dereva husali kwanza. Siku hiyo Zamfira alimkuta anakula ugali wa njano na maziwa ya mgando, na juu ya jiko, chini ya ngozi ya kondoo, Duduia amelala juu ya mifuko mitatu isiyo na nailoni.

"Anaipasha vizuri kuliko jiko," Gavril alisema. Alikusudia mzaha.

Majirani bado wanausimulia ugomvi huo. Zamfira aliikamata mifuko yote mitatu na kuipasua kwenye theluji, mmoja baada ya mwingine. Gavril akamwita mwendawazimu. Zamfira akamwita maiti asiyejijua. Alimwambia habari za Safta, zote, hadi plasta. Mzee naye akapandisha sauti.

"Haya, nimtupe paka," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka ghalani. Kila mwezi gari la hospitali hushusha maboksi thelathini ya maji ya dawa, na hakuna chumba cha nyumba yake kinachoyatosha. Maboksi ya chini yalikuwa yametafunwa kwenye pembe. Vuli iliyopita, Duduia alipokuwa anaumwa, panya walitoboa mifuko sita.

"Paka akiondoka, panya hutawala," Gavril alisema. "Hiyo karatasi yenu imeandikwa na mtu anayekaa ghorofa ya nane. Panya wake wa mwisho alimwona kitabuni. Sasa niambie, bibie. Niuawe na paka au na panya? Chagua wewe, una digrii."

 Zamfira alikuwa na fomu tu. Kwa agizo la daktari alitakiwa kuijaza ifikapo Ijumaa, na baada ya hapo gari lingekuja kumchukua Gavril.

"Sitakwenda," mzee alimwambia. Hakupiga kelele safari hii, na ndiyo maana Zamfira aliogopa. "Nilikaa kwenye mashine miezi minne kabla ya mpira huu. Kilomita themanini na nne kwenda, themanini na nne kurudi. Naondoka gizani narudi gizani, natapika njiani, kesho yake nalala, kesho kutwa naondoka tena. Nyuki walikufa mizinga tisa. Wakija na gari nitawakaribisha, nitawapa asali, halafu nitawaambia warudi. Nitakufa hapa, ndani ya wiki mbili au tatu. Hata figo zina heshima yake."

Hapa ndipo mwenye kusoma anatarajia muuguzi alie. Zamfira hakulia. Alikaa juu ya boksi la dawa, akamtukana Daktari Pascu tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, akamtukana Gavril jingine, kisha akauliza, "Huna sanduku lolote lenye mfuniko? La mbao. Linaloshika joto. Paka asiweze kulifungua."

Gavril alimtazama kama anayemwonea huruma.

"Binti yangu, mimi ni mfuga nyuki. Nina masanduku arobaini."

Mzinga mtupu, uliotengenezwa ili nyuki wasigande wakati wa baridi, hushika joto kuliko blanketi lolote. Waliusugua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, wakaukausha, wakautandika taulo safi, Gavril akapigilia komeo mbili. Ukawekwa juu ya jiko. Mfuko unaingia humo na nailoni yake, saa tatu kabla ya kutumika, na hautolewi nailoni hadi mtu amenawa mikono. Jiko likizidi joto, kipimajoto cha asali kinasema. Mlango wa chumba uliong'olewa ili jeneza la mama yake lipite ukarudishwa kwenye bawaba. Na Duduia akahamishiwa ghalani, kwenye kikapu chenye sufu.

"Amepata ajira ya serikali," anasema Gavril. "Analinda mali ya hospitali. Mshahara bado hajaona."

Ijumaa ile Zamfira aliijaza fomu. Kwenye sanduku la "Wanyama" alitia alama kwenye "Ndiyo", ya kwanza katika miaka kumi na moja. Nyuma ya karatasi, mahali pasipo na mistari, aliandika mambo ya jiko, nailoni, panya, mzinga na mlango, pande zote hadi pembeni.

Simu ya daktari haikuchelewa.

"Umeandika ndiyo," alisema Pascu. "Unajua maana yake."

"Najua. Na kumi na wanane wengine nimeandika hapana, na nakuapia nusu yao ni uongo. Daktari, mnataka nyumba safi au karatasi safi?"

Walibishana kwa muda mrefu. Mwisho daktari alitoa siku thelathini. Maji yakitoka na ukungu hata mara moja, homa ikipanda hata kidogo, Gavril anakwenda kwenye mashine na Zamfira anakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Zamfira alikubali bila kumwuliza Gavril. Alipomweleza, mzee alisema kwamba maisha yake yamewahi kuwekwa rehani kwa mambo mabaya zaidi.

Leo ni siku ya thelathini, na ndiyo maana leo hakupiga hodi.

Mlango umefungwa. Dirisha limefungwa. Wote wawili wamevaa barakoa. Gavril anaunganisha mpira kwa vidole vinene vya mtu wa reli, taratibu, bila kugusa ncha. Maji yaliyolala tumboni usiku kucha yanaanza kushuka kwenye mfuko sakafuni. Inachukua dakika ishirini. Zamfira anasimama akiyapa mgongo, mikono kwapani.

Mfuko unapojaa anaufunga, anaubeba mezani na kuulaza juu ya ukurasa wa gazeti la juzi. Ndicho kipimo ambacho wauguzi wa kazi hii wanakiamini. Ukiweza kusoma maandishi kupitia maji, mgonjwa yuko salama. Usipoweza, kimbia.

Anavaa miwani. Anainama. Gavril anashindwa kuvumilia.

"Sema basi, mwanamke! Nasomeka au sisomeki?"

"'Mjane, miaka sitini na minne,'" anasoma Zamfira, polepole, neno kwa neno, "'hanywi, ana trekta, anatafuta mke mpole...'"

"Huyo si mimi."

"Mpole! Wanatafuta mpole!" Zamfira anavua miwani na kujifuta macho kwa mkono wa shati, kwa hasira, kana kwamba macho ndiyo yaliyokosea. "Maji ni safi, mzee. Ni safi kabisa."

Anapiga simu hapohapo, akiwa amesimama. Anasema kwamba hakuna ukungu, hakuna homa, na kwamba anaweza kumsomea daktari matangazo ya wachumba kama anahitaji. Anasikiliza. Uso wake unabadilika. Anauliza, "Halafu?" mara mbili, lakini upande wa pili umeshakata.

"Amesema uendelee hapa mpaka Pasaka," anamwambia Gavril. "Halafu tutaona. Mpaka Pasaka! Kana kwamba mtu ni mwanakondoo wa kuchinjwa."

Mzee anacheka hadi anashika tumbo. Zamfira hacheki. Anaandika tarehe, joto, rangi ya maji, na huku akiandika anaeleza anachokitaka, kwa mtindo wa mtu anayepiga misumari.

Anataka fomu ibadilishwe. Badala ya kuuliza kama kuna mnyama, iulize mfuko unapashiwa wapi, maboksi yanakaa wapi, na chumba kina mlango au hakina. Anataka kifaa cha kupashia kilichoahidiwa, au hospitali ikubali hadharani kwamba mizinga ya Gavril ndiyo vifaa vyake. Mzee ameshampa mizinga kumi na minane, mmoja kwa kila nyumba iliyobaki, na minne imeshafika. Zaidi ya yote anataka jambo ambalo halina gharama hata ya senti moja.

"Mgonjwa aseme kweli asiadhibiwe," anasema. "Hilo tu. Safta angepiga simu Jumatatu."

Yule mjinga wa pili hakuwahi kumtaja, na hakuna aliyemwuliza.

Saa nne anaegesha gari lake kuukuu mbele ya nyumba ya Aglaia Rusu, fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, kijiji cha tatu kutoka kwa Gavril. Mzinga uko kiti cha nyuma, umefungwa mkanda. Kwenye fomu tatu zilizopita za Aglaia, sanduku la wanyama lina alama kwenye "Hapana".

Aglaia ameshatoka mlangoni, shali mabegani. Hasalimii. Anautazama mkoba wa Zamfira, kisha uso wake, kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka.

"Nimesikia Gavril hawakumchukua," anasema.

"Hawakumchukua."

"Na aliandikwa ndiyo?"

"Mimi mwenyewe nilimwandika."

Aglaia anasogea kando na kuusukuma mlango wa chumba chenye jiko, ule ambao katika miaka minne ulikuwa umefungwa kila Zamfira alipokuja. Unafunguka hadi mwisho, unagonga ukuta.

"Ni wawili," anasema. "Na mbwa mdogo, huyu hulala miguuni kwangu. Andika."

Zamfira anaegemeza karatasi kwenye fremu ya mlango na kuandika. Kisha anavua koti, anaweka kiganja juu ya jiko, na kuanza kumgombeza.